Sanduku la Herufi P

Tarehe 28 Agosti

Kifutio,

Salamu nyingi, mpwa wangu. Mimi mzima wa afya, nakula, nalala, nagombana na majirani kama kawaida. Fundi redio wa chumba cha chini anakusalimu. Anauliza hiyo kamusi yenu itatoka lini, ajue mimi mzee wa juu nimekuwa nikikesha na kuburuta viti kwa kazi gani miaka yote hii.

Nimesikia mkuu wako wa idara anataka put off iandikwe "ahirisha", mstari mmoja, basi, twende mbele. Mwambie asinichekeshe. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja na hicho kitenzi kilinitoa jasho kuliko vyote. "Ahirisha" ni neno la kikao. Lina mwenyekiti, lina tangazo ukutani, lina tarehe mpya. Put off haihitaji tangazo. Mtu ana jambo, anajua kabisa anapaswa kulifanya, hakuna aliyemshika mkono, lakini leo analisogeza kidogo na kesho analisogeza tena, na kila akilisogeza anaona amepata nafuu. Waingereza hulitumia kwa vikao na safari pia, sikatai. Ila msikilize mtu anayelisema kwa sauti ya chini ndipo utajua makazi yake.

Nimekutilia kadi nane za mifano humu. Sheria yetu unaijua: sentensi haitungwi. Iwe imetoka kinywani mwa mtu, na kadi iseme nani, wapi, lini. Mwenye kutunga sentensi akazibandika kwenye kadi ni shahidi wa uongo, hata kama hakuna mahakama itakayomwita.

Usijali mwandiko. Kalamu hii mpya inatema wino, inanilazimisha kuandika makubwa.

Mjomba wako

*

Tarehe 5 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Bahasha imefika. Mkuu amenuna lakini amekubali: put off itapata nusu ukurasa, nami nina hadi mwisho wa Oktoba kukifunga kidahizo hicho, neno na maelezo yake yote. Kwa hiyo wiki hii nimelishusha sanduku la herufi P na kuzipanga kadi zako zote kwa tarehe.

Nianze na ya kazi. Kadi ya tarehe 12 Februari nakurudishia humu. Mstari wa tatu umeupanda wa pili, sioni kitu. Iandike upya, tafadhali.

Sasa ya kwetu. Nimekuwa nikizisoma kadi zako kila zinapofika, lakini kuzisoma mojamoja si sawa na kuzitandaza mezani. Nimezitandaza, nikazisoma mara mbili. Nakunukuu:

Machi. "You should not put this off." Jambo hili usilisogeze mbele. Msemaji: daktari bingwa wa macho. Mahali: hospitali, chumba namba 6.

Aprili. "I put it off because of the rain." Niliahirisha kwa sababu ya mvua. Msemaji: mimi. Mahali: dirisha la mapokezi.

Juni. "I would rather put it off until the dictionary is finished." Afadhali nisubiri kamusi iishe. Msemaji: mimi. Mahali: chumba namba 6.

Agosti. "If you put it off beyond 14 October, I can promise you nothing." Ukipitisha tarehe hiyo sikuahidi kitu. Msemaji: daktari yuleyule.

Huyo "mimi" ni nani, Mjomba? Katika barua zote za miezi hiyo umeniandikia mzima wa afya.

Kifutio

*

Tarehe 10 Septemba

Kifutio,

Ulipokuwa darasa la pili ulikuwa ukifuta kosa hadi karatasi inatoboka, ndipo tukakupa hilo jina. Naona hujaacha. Karatasi ya mtu mzima usiisugue hivyo.

"Mimi" wa kwenye kadi ni mkusanyaji wa sentensi. Usimchanganye na mjomba wako. Mkusanyaji huenda mahali penye maneno, na hospitali ina daktari mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Pale kwenye benchi nje ya chumba namba 6 nimeokota sentensi nzuri kuliko miaka mitano ya kusoma magazeti.

Haya, nina presha ya macho. Ni ugonjwa wa wazee, nami ni mzee. Natia matone asubuhi na jioni. Jicho la kulia linaona pembeni kama kuna pazia, basi. Tusilifanye jambo hili kuwa msiba.

Turudi kazini. Msisahau maana ya pili. Put off ikimshika mtu badala ya jambo, inamvunja moyo, inamtoa hamu. Muuguzi mmoja alisema: "Don't let the long list put you off." Orodha ndefu isikukatishe tamaa. Mkuu wako ameiweka hiyo? Nina hakika hajaiweka.

Kadi ya Februari nitaitazama siku nikipata mwanga mzuri.

Mjomba

*

Tarehe 15 Septemba

Mjomba,

Maana ya pili tumeiweka. Usinipige chenga.

Nimeuliza kwa watu wanaojua. Wanasema presha ya macho haiumi, inakula tu, na kilicholiwa hakirudi. Upasuaji haurudishi kilichopotea, unalinda kilichobaki. Daktari bingwa anafanya upasuaji hapo kila baada ya wiki sita. Umewekwa kwenye orodha yake mara tatu na mara tatu hukutokea. Haya ya orodha si maneno yangu, yamo kwenye kadi zako, na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba kadi haisemi uongo. Ungeniambia Machi ningekuja Machi. Badala yake ulinichekesha kwa habari za fundi redio. Nimekasirika, Mjomba, na sitajifanya sikukasirika.

Kwa hiyo sikiliza. Kidahizo cha put off sikifungi. Mkuu akigomba agombe. Kina sentensi za mtu anayesogeza na kusogeza, hakina hata moja ya mtu aliyesogeza kisha akaenda. Mimi nataka hiyo. Nataka kadi yenye tarehe 14 Oktoba, msemaji wewe, mahali chumba cha upasuaji. Bila hiyo kadi nusu ukurasa utabaki mweupe, na wakiniuliza nitasema mchangiaji wetu mkubwa hakukamilisha kazi.

Nijibu kwa neno moja: unakwenda?

Kifutio

*

Tarehe 21 Septemba

Kwa Mhariri wa herufi P,

Nilipata mwanga mzuri. Fundi redio alinipandishia taa yake ya kuchomelea nyaya, akanishikia karibu na uso hadi nyusi zikanukia, nami nikachukua kioo cha kukuzia nikaitazama kadi yako ya Februari. Mbele niliisoma herufi moja moja. Kisha nikaigeuza.

Nyuma kuna muhuri wa idara. Nilikuwepo mimi wakati sheria ya muhuri ule inawekwa. Kadi ikisomwa kwa mara ya kwanza inagongwa IMESOMWA na tarehe. Niliwaza labda macho yananidanganya, maana siku hizi ni waongo. Nikamwita fundi asome. Akasoma: tarehe 3 Septemba.

Kadi ya Februari imesomwa Septemba. Na wewe umeniandikia, kwa mkono wako, "nimekuwa nikizisoma kadi zako kila zinapofika".

Sasa nikuambie jambo ambalo sikupanga kulisema. Mimi sijui kumwandikia mtu kwamba naogopa. Barua ikianza, mkono unaandika mzima wa afya wenyewe, na vichekesho vinafuata. Lakini kwenye kadi siwezi kutunga, hilo unalijua. Kwa hiyo kila wiki nilikuwa nakuambia. Kila Jumatatu nilikuwa nakuambia kwa kadi, nikitia kwenye bahasha, nikisubiri barua yako, ikija naipasua nione kama umesema kitu. Ulikuwa unaniambia habari za mvua na mkuu wako. Nikajisemea, huyu amesoma na amenyamaza, basi jambo si kubwa. Au amesoma na hana nafasi nami.

Usinifundishe kitenzi nilichokufundisha mimi. Tarehe 14 Oktoba nina kadi za kupanga.

Mchangiaji namba 9

*

Tarehe 25 Septemba

Mjomba wangu,

Nilikudanganya. Sina la kujitetea, nitasema tu ilivyokuwa.

Bahasha yako hufika Ijumaa. Nilikuwa naifungua nikiwa nimesimama, natoa barua, naisoma, nacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili ananiuliza kuna nini. Kadi nazitumbukiza sandukuni. Tulikuwa herufi G, kisha H, kisha tukakwama kwenye M wiki tisa. Nilijiambia nitazisoma zote kwa mkupuo tukifika P. Kadi haziozi, nilisema.

Hilo ni nusu. Nusu nyingine ni hii. Mwezi Machi kadi moja iliniangukia sakafuni, ikalala uso juu, nikaona maneno "chumba namba 6" kabla sijaiokota. Niliirudisha sandukuni kifudifudi. Nilijua hospitali yenu ina vyumba vya namba. Sikutaka kujua zaidi, kwa sababu ningejua ingebidi nije, na nilikuwa na kazi, na nilikuwa naogopa. Barua yako ya siku ile ilisema u mzima. Nikachagua kuiamini barua.

Nisamehe, au usinisamehe sasa. Lakini nenda tarehe 14. Usiliache jicho lako likaadhibiwa kwa kosa langu.

Kifutio

*

Tarehe 4 Oktoba

Mjomba,

Hujajibu. Nahesabu siku kwa vidole kama mtoto.

Humu mna kadi. Ni ya kwanza kuandika tangu nianze kazi hapa, maana sisi wahariri hugonga muhuri tu. Sikuitunga.

"I put off reading my uncle's cards for seven months." Kwa miezi saba niliacha kusoma kadi za mjomba wangu. Msemaji: mpwa wa mchangiaji namba 9. Mahali: idara ya kamusi, meza ya tatu kutoka mlangoni.

Nakuja. Nitafika tarehe 13 jioni. Usihangaike kuniandikia nisije, barua ya kunikataza haitanikuta, nitakuwa njiani.

Kifutio

*

Tarehe 8 Oktoba

Kwako binti wa kamusi,

Mimi ndiye fundi redio. Kuandika si kazi yangu, huwa naandika vikaratasi vya kubandika kwenye redio za watu, "haina sauti", "inakoroma", kwa hiyo nisamehe.

Barua zako mbili zimefika, nimezipandisha mwenyewe. Mzee hakuzifungua. Nilimwambia nimsomee, akakataa. Amezibana chini ya kopo la kalamu akasema, "Nazo zisubiri. Zamu yake ikifika zitasomwa." Alisema huku akicheka lakini sikucheka mimi.

Jana alinimiminia chai. Alimimina kando ya kikombe, mezani, na akaendelea kumimina huku ananieleza habari za vitenzi. Mimi nikafuta kwa kitambaa asijue. Ngazi anashuka kwa kushika ukuta, akifika chini anapiga mluzi ili nidhani alikuwa ananisikilizisha wimbo.

Nilimuuliza habari ya tarehe 14, akasema niangalie redio zangu.

Sijui mmekosana nini na siulizi. Lakini kama unakuja, njoo. Ukiandika tena unapoteza wino, hasomi.

Fundi wa chini

*

Tarehe 24 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Nimerudi kazini tangu jana. Nimeondoka bado umefungwa bandeji macho yote mawili, na daktari amesema atakufungua tarehe 29. Hii atakusomea fundi, au utaisoma mwenyewe. Sithubutu kuandika nani kati yenu.

Siku nane nilizokaa hapo tuliongea habari za uji, mito, na jinsi muuguzi anavyovuta pua. La sanduku hatukuligusa, nawe hukunipa mlango. Kwa hiyo nalisema hapa.

Tarehe 13 uliponifungulia, nilikuwa nimesimama mbele yako, hatua moja, na taa ya ngazi inawaka. Ulinitazama usoni ukauliza, "Nani?" Nitalisikia hilo neno hadi nizeeke. Ndiyo sababu sikusalimia vizuri, nilikupita nikaenda moja kwa moja kwenye kopo la kalamu, nikazitoa barua zangu mbili nikazipasua na kukusomea kwa sauti, hata ile sehemu ya kadi iliyoanguka sakafuni. Ulikwenda kulala. Asubuhi nilikukuta umekaa kwenye kiti karibu na mlango, umevaa koti, viatu umefunga kamba. Hukuniambia kwa nini, na njia nzima hadi hospitali ulinieleza tofauti ya put off na call off, kwamba linalofutwa limekufa na linalosogezwa bado linakungoja. Nilikuwa nimekushika mkono.

Sasa kazi. Mkuu ameniongezea wiki, anataka ukurasa tarehe 7 Novemba. Nafasi ya mifano ni mbili tu. Nina kadi zako ishirini na nane, na yangu moja. Yangu siiweki bila ruhusa yako, kwa sababu mchangiaji namba 9 hajaikubali. Ukiikataa nitaichana na tutaendelea.

Niambie pia kuhusu macho. Niambie kwenye barua, usiniandikie kadi.

Kifutio

*

Tarehe 29 Oktoba

Kifutio,

Naandika kwa herufi za bango, maneno matano kila mstari. Leo sitaisingizia kalamu.

Jicho la kulia limekwenda. Daktari amelimulika mbele na nyuma, akatikisa kichwa. Nilimuuliza kwa Kiingereza kizuri kabisa, kama ningekuja Aprili je? Akasema Aprili lingekuwa lipo. Aprili niliandika kwenye kadi kwamba kulikuwa na mvua. Ilikuwa mvua ya manyunyu, na mwavuli ulikuwa mlangoni.

La kushoto linaona. Linaona dirisha, fundi, meza, na sasa linaona karatasi hii. Akasema tungepitisha wiki sita nyingine, hili nalo lingefuata.

Unataka niseme habari ya sanduku. Nimekaa nalo gizani siku kumi na tano za bandeji, hakuna pa kulikimbilia. Jicho hili nimelipoteza mimi. Nilikuwa na mdomo, nikauacha nikatumia kadi, nikamtega mtoto wa dada yangu asome kile nilichoona aibu kukisema. Hilo ni langu na ni kubwa. Lakini kuna kipande ni chako, cha ile kadi uliyoirudisha sandukuni kifudifudi. Sitakuambia si chako, ili mradi ulale vizuri, kwa sababu tumekubaliana hatutungi. Kibebe. Mimi nitabeba changu, na tutakuwa tunaulizana hali kwa maneno ya kawaida.

Halafu tarehe 13 ulikuja ukanisomea, na nilijua mwenye sauti ile hakuja kujitetea, alikuja kunichukua. Nililia, ingawa ulidhani nimelala. Ndiyo nikavaa koti.

Sasa kazi. Kadi yako nimeikagua. Matumizi ni sahihi: kitenzi kinachofuata umekipa -ing kama nilivyowapigia meza darasani mpaka kiganja kikavimba. Msemaji yupo, mahali papo. Imekubaliwa. Iweke mfano wa kwanza, uniondolee tu namba yangu. Mfano wa pili weka ile ya mvua, wasomaji wataielewa haraka. Kwenye maana, kabla ya "ahirisha", andika hivi: kuacha hadi baadaye jambo ambalo mtu anajua linamngoja. Mkuu akisema ni ndefu, mwambie mzee mwenye jicho moja ameipima.

Kadi uliyoniomba nimeitia humu. "I put it off three times, and then I went." Nilisogeza mara tatu, kisha nikaenda. Msemaji: mimi. Mahali: chumba namba 6. Hiyo si ya kamusi, ni yako.

Fundi alitaka kunisomea barua yako, nikamwambia ashuke kwenye redio zake. Imefika leo, saa nne asubuhi. Imesomwa leo, saa nne asubuhi, na mimi mwenyewe.

Mjomba wako